Msumari Mtupu Kambini

Bethlehem, Pennsylvania
8 Oktoba 1978

Kaka Elwood,

Baada ya salamu nyingi kwako na kwa shemeji Verna, weka kikombe chini kwanza. Nimestaafu. Kiwandani wamenipa keki na saa ya ukutani, wakanipiga mgongoni, wakafunga geti nyuma yangu. Tangu nianze kuyeyusha chuma sijawahi kukaa nyumbani siku ya pili ya Krismasi, maana zamu za sikukuu walikuwa wananibandika mimi. Mwaka huu sina zamu. Kwa hiyo msimu wa kuwinda kwa magobori ukifunguliwa siku hiyo, nakuja kambini kwetu mlimani.

Najua unacheka. Kila mwaka nasema mwakani, na mwakani ikifika nasema tena. Safari hii si maneno. Tatizo ni moja: sina gobori. Bunduki za kawaida nimezishika, lakini hizi za kumimina baruti mdomoni na kushindilia, sijui hata pa kuanzia. Nimeingia duka moja ng'ambo ya mto, upande wa New Jersey, nikatoka nimechanganyikiwa. Kuna ya gumegume, inayowashwa kwa cheche za jiwe, na kuna ya fataki, inayowashwa kwa kikofia kidogo cha shaba. Kuna kaliba arobaini na tano na kuna hamsini. Kuna yenye mtutu mrefu kama ufito wa kuangulia matufaa, na kuna fupi. Kwa kulungu mkubwa, mtu anayeanza uzeeni achague ipi? Niambie taratibu kama unamwambia mtoto, na usinikebehi sana.

Simu sipigi. Laini yenu ya Galeton mnashirikiana na majirani, na sitaki bonde zima lijue kwamba sijui mbele na nyuma ya gobori.

Halafu kadi uliyonitumia mwezi wa nane ilikuwa na herufi kubwa kama za mlango wa ghala. Umedhani mimi ndiye nimekuwa kipofu?

Mdogo wako,
Lester


Galeton, Pennsylvania
20 Oktoba 1978

Lester,

Karatasi ni zangu, herufi ni zangu, nitaziandika kwa ukubwa ninaotaka.

Hayo mambo ya duka yaache. Usinunue kitu. Utatumia gobori la Baba. Lipo juu ya mlango wa kambi, limepakwa mafuta, mti wa kitako chake haujapata hata ufa. Kaliba yake inatosha kwa kulungu yeyote wa mlima huu. Nimelitumia tangu Baba alipofariki na halijaniaibisha ila pale nilipojiaibisha mwenyewe.

Yako mambo mawili tu ya kushika. La kwanza, ukitoka mawindoni usiliingize ndani kwenye joto. Litatoa jasho na baruti italowa. Liache barazani na baridi yake. La pili ndilo kubwa: ukifyatua, utaona moto kwenye kisahani cha baruti kilicho kando ya mtutu kabla bunduki haijalia. Kuna kinafasi hapo katikati. Usiinue kichwa. Wewe endelea kulenga kama hakuna kilichotokea, mpaka imalize. Wanaokosa wote hukosea hapo, wanataka kuona matokeo kabla hayajaja.

Na ukikosa, unajua sheria. Mkia wa shati lako, kile kipande cha chini mgongoni, unakatwa mbele ya watu, tunauandika jina na mwaka, unapigiliwa ukutani. Baba ana vitambaa vitatu pale. Mimi vyangu sivitaji. Karibu na vya Baba kuna msumari mtupu. Niliupigilia mwaka uliooa, uliposema kwa mara ya kwanza kwamba mwakani utakuja. Umeshika kutu.

Mimi mwaka huu sitawinda sana. Nitakaa kwenye gogo nikuangalie wewe.

Njoo mwaka huu, Lester. Usiseme mwakani.

Kaka yako,
Elwood


Bethlehem
2 Novemba 1978

Kaka,

Barua nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena, na roho bado inaniuma, kwa hiyo bora niseme.

Nilivaa buti zako mpaka nikiwa na kumi na minne. Koti lako lilikuwa na tundu kwenye kiwiko, Mama akaniwekea kiraka, shule nzima ikaniita Kiraka. Sileji yako ya kuteleza kwenye theluji, baiskeli yako, hata Biblia yangu ya kipaimara ilikuwa na jina lako ndani limekatwa kwa kalamu. Sasa nina miaka sitini na nne, nakuuliza swali la mtu mzima, gobori gani ninunue, na unanijibu nije nichukue ulilokwisha kulitumia. Tena utakaa kwenye gogo uniangalie. Kama ulivyokaa ukingoni ukaniangalia nikijifunza kuogelea, ukicheka mpaka ukashika mbavu.

Basi, nimenunua langu. Jipya, hakuna aliyeligusa kabla yangu isipokuwa muuzaji. Nimechagua mwenyewe. Sitakwambia ni la aina gani, utaliona kambini na meno yako utayafunga. Muuzaji ameniapia kwamba halitishwi na mvua wala theluji.

La Baba baki nalo.

Lester


Galeton
15 Novemba 1978

Lester,

Sawa. Njoo na lako.

Sikukudharau. Kule mtoni nilicheka, ni kweli, lakini nilikuwa nimeshavua viatu niingie nikutoe kama ungezama. Hilo hukuliona kwa sababu ulikuwa na maji machoni.

Nilikuwa na sababu yangu ya kutaka ushike la Baba. Nitakwambia tukiwa kambini, si jambo la kuandika. Lete ule mkate mweusi wa Bethlehem. Soseji ya kulungu ninayo ya kutosha, na Verna ameoka pai ya molasi.

Kitanda cha karibu na jiko ni chako.

Elwood


Bethlehem
21 Desemba 1978

Kaka Elwood,

Samahani sana. Nimeshikwa na homa mbaya, kifua kinaniwasha, daktari amenikataza baridi. Nilishafunga mizigo. Mkate nilishanunua. Nimeumia kuliko unavyodhani.

Mwakani, Mungu akipenda. Kulungu hawaendi popote. Krismasi njema kwako na shemeji.

Mdogo wako,
Lester


Galeton
9 Januari 1979

Shemeji Lester,

Elwood hajui kwamba nakuandikia. Yuko bandani anapasua kuni kwa kupapasa, na mimi niko hapa jikoni nasikiliza shoka, roho iko juu. Homa yako imeshuka? Naomba Mungu iwe ilikuwa homa kweli.

Elwood haoni. Ni presha ya macho. Mwezi wa nane daktari alitwambia jicho la kushoto limeshakwenda na la kulia litafuata, labda Krismasi, labda Pasaka, na hakuna dawa ya kulirudisha. Zile herufi ulizozicheka, alikuwa anaziandika hivyo ili azione. Barua zako nilikuwa namsomea mimi. Nilipofika pale pa kipofu nikataka kuruka mstari, akanidaka, akasema soma alichoandika.

Alinikataza nisikwambie. Alisema, "Akijua atakuja kwa kunionea huruma. Mimi nataka aje kwa ajili ya kulungu." Gobori la Baba yenu alikupa kwa sababu yeye hawezi tena kulenga. Wala hakuwa amelichoka, Lester, alikuwa analifuta kila Jumapili kama sahani ya harusi. Alitaka akuone unalipiga, angali ana jicho la kukuonea. Ndilo jambo alilosema si la kuandika.

Siku ya Krismasi jirani yetu Burdette alimpandisha kambini. Elwood akawasha jiko, akakutandikia kitanda, akakuchongea jiwe jipya la gumegume akidhani huenda lako ni butu. Barua yako ilifika kesho yake. Burdette akampelekea, akamsomea pale mlangoni. Elwood akasema, "Basi nitakaa mpaka msimu uishe. Huenda homa ikashuka." Akakaa kweli. Burdette anasema kila asubuhi alikuwa kwenye gogo lake, na hakuwa ameelekea msituni. Alikuwa ameelekea barabarani.

Siku ya Mwaka Mpya alikuwa amerudi nyumbani. Nilimwekea kabichi chachu na nyama ya nguruwe kama kawaida yetu. Akaniuliza kwa nini nimezima taa. Taa ilikuwa inawaka, shemeji.

Sikuandikii ili ulie. Nakuandikia kwa sababu nina hasira na sina wa kumwambia.

Verna


Bethlehem
20 Januari 1979

Kaka,

Verna, tafadhali msomee yote, usiruke hata neno.

Sikuwa na homa. Sikuwa na hata mafua.

Gobori nililonunua ni la fataki. Siku chache kabla ya Krismasi nilikuwa nacheza karata na wastaafu wenzangu, nikaanza kutamba. Stanko, yule mzee Mslovaki niliyefanya naye kazi kwenye tanuri, akaweka karata chini. "La fataki? Kwenye msimu ule? Lester, ule ni wa gumegume tu! Watakunyang'anya na faini juu." Meza nzima ikaangua kicheko. Mimi nikacheka nao, nikaenda zangu nyumbani nikakaa na koti mwilini.

Nilikuwa na muda wa kutosha. La Baba lilikuwa pale pale juu ya mlango. Nilichotakiwa kusema ni "nipe", basi. Nikafikiria nilivyolikataa kwa mbwembwe, nikafikiria utakavyocheka. Nikaona afadhali homa. Nilijiambia ni mwaka mmoja tu, tumeshapoteza mingapi, huu nao una nini?

Kaka, ningekuja hata na rungu kama ningejua. Lakini ningejua wapi, na wewe umeficha? Hapana, futa hilo. Uliniambia nije mwaka huu. Uliandika kwa herufi kubwa kuliko zote na mimi nikaona herufi tu.

Nakuomba kitu kimoja. Twende Desemba. Nitakushika mkono, nitakuelezea kila kinachopita, nitakata kuni. Utanicheka kutwa. Tafadhali.

Lester


Akron, Ohio
3 Novemba 1979

Lester,

Verna anaandika, mimi naongea. Akiongeza yake sitajua, kwa hiyo matusi yote yahesabu kuwa ya kwake. (Hakuna matusi, shemeji. V.)

Umeona tumehamia kwa binti yetu. Nyumba ya Galeton ina ngazi nyingi na Verna amechoka kunifuata mbio na fimbo yangu ya kupapasia.

Barua yako nimesomewa zaidi ya mara moja. Nilikasirika tangu theluji ilipoyeyuka mpaka mahindi yalipovunwa. Hasira nayo ni kazi, na mimi nimestaafu. Na kosa ni langu pia. Ulikuwa umeniuliza wazi wazi, gumegume au fataki, na sikukujibu. Nilikuwa na haraka ya kukupa la Baba hata sikusikia swali.

Kambini siji. Usinibembeleze. Wengine wanakwenda kule kwa nyama, wengine kukimbia wake zao. Mimi nilikuwa nakwenda kuangalia. Theluji ikikaa kwenye misonobari, kulungu akitokea mahali ambapo sekunde iliyopita hapakuwa na kitu. Sasa niende nikaketi kwenye gogo kama mzigo uliosahauliwa stesheni, halafu unisimulie? Wewe hata ulipokuwa mdogo hukujua kusimulia.

Nenda mwenyewe. Burdette ana ufunguo. Lishushe gobori. Pima baruti kwa kile kipimo cha pembe, mimina, weka kitambaa chenye mafuta, risasi juu yake, sukuma mpaka ikae kabisa. Ufito wa kushindilia una alama mbili za kisu. Alama ya juu ikilingana na mdomo wa mtutu, ni tupu. Ya chini ikilingana, imeshiba. Zilikuwa za Baba, zimefifia. Krismasi ile nilizichonga upya kwa kina ili uzione bila miwani.

Kwenye kisahani baruti kidogo tu. Na nilikwambia nini kuhusu kichwa?

Elwood


Kambini
27 Desemba 1979

Kaka,

Naandikia mezani kwenu, taa ya mafuta, jiko linaunguruma. Kumeanguka theluji tangu jana. Najua sijui kusimulia, lakini hapa hakuna mwingine.

Nililala kwenye kitanda cha karibu na jiko. Blanketi ulilolikunja mwaka jana lilikuwa bado limekunjwa. Gobori nikaliacha barazani kama ulivyosema. Alama za ufito nimeziona bila miwani.

Asubuhi nikaketi kwenye gogo lako. Sikugeukia barabara, nilijaribu mara moja tu nione ulikuwa unaona nini, nikashindwa kuvumilia, nikageuka. Baridi ilikuwa imeniingia mpaka kwenye meno pale kulungu dume alipotokea. Ni kama ulivyosema, hapakuwa na kitu halafu akawapo. Pembe pana, shingo nene. Akasimama ubavu. Nikavuta nyuma nyundo ya gobori, nikalenga nyuma ya bega, nikafyatua.

Moto ukawaka kwenye kisahani. Na mimi, kaka, nikainua kichwa.

Sijui kwa nini. Nilitaka kumwona. Bunduki ikalia baada ya hapo, risasi ikapiga tawi la msonobari na theluji yote ya lile tawi ikanimwagikia shingoni. Moshi ulipotoka alikuwa bado amesimama ananiangalia. Sijawahi kudharauliwa vile, na nimewahi kuwa na msimamizi kutoka Philadelphia. Halafu akaondoka zake, wala hakukimbia.

Nilicheka peke yangu pale kwenye theluji. Nikageuka nikuambie kitu.

Nimerudi hapa, nimevua shati. Najua mtu hajikati mwenyewe. Unakatwa na mwenzako, umeinamishwa juu ya meza, watu wanapiga makofi na kukutukania ukoo. Mimi nimesimama mbele ya jiko na kisu cha mkate, kambi kimya, nasikia uzi mmoja mmoja unavyokatika. Nimeandika jina na mwaka. Nimekwenda mpaka kwenye ule msumari, nikakinyanyua kitambaa, mkono ukakataa.

Nakutumia wewe kwanza. Kishike. Nilitaka uwe wa kwanza kukishika, kwa sababu ulikuwa uwe wewe wa kukikata.

Nisamehe, kaka.

Lester


Akron
14 Januari 1980

Lester

Naandika mwenyewe. Verna ameniwekea rula juu ya karatasi nisipotee. Kama mistari imepandana usicheke. Au cheka, sitakuona.

Kitambaa kimefika. Nimekipapasa pembe zote. Kina harufu ya baruti na moshi wa jiko letu. Umekata ovyo. Mimi ningekata juu zaidi, mgongo ungepigwa na baridi mpaka Pasaka.

Lile tawi nimesomewa mara mbili. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, halafu Verna akaondoka mezani kidogo na mimi nikabaki na kitambaa.

Nakurudishia. Hapa Akron hakina ukuta. Kipandishe kambini ukipigilie kwenye msumari wako, karibu na vya Baba. Na gobori sasa ni lako. Nilikuwa nalo moja tu nililolipenda na ndilo hilo nililokupa.

Yameshasameheka. Yote, nasema, ili usiniulize tena.

Verna anasema shati lilikuwa la bluu lenye mistari myeupe. Namwamini. Ungekuja Krismasi ile ningeliona mwenyewe.

Kaka yako
Elwood